Usiandike "dume" mpaka uone

Mdogo wangu unayekuja Liwale kusoma fisi madoa, najua vumbi la barabara ya Nachingwea bado liko kwenye begi lako na tayari una nadharia tatu za kupima. Ziweke kando kidogo. Anza na kujua nani ni nani.

Kiangazi changu cha kwanza nilikuwa na fisi mmoja mkubwa, sikio la kulia limechanika, ambaye kila mzoga alikula wa kwanza na wengine wakampisha. Nikamwita Mzee. Daftari zima likajaa Mzee kafanya hivi, Mzee kamfukuza yule, na hoja tamu kuhusu dume mtawala. Mwezi wa tisa, jioni, Mzee akajilaza ubavu mdomoni mwa shimo. Watoto wawili weusi wakatoka na kuanza kunyonya. Skauti wa kijiji, mlinzi wa wanyamapori niliyekuwa naye, hata hakucheka. "Mwalimu," alisema, "Mzee ana maziwa."

Jike wa fisi madoa ana kiungo kinachofanana na uume, na huzaa kupitia hapohapo. Tofauti ipo kwenye ncha: ya dume imechongoka, ya jike ni butu. Utaiona wanaposalimiana, wanapoinua mguu na kunusana, na ni sekunde chache tu. Jike aliyekwisha zaa utamtambua pia kwa chuchu ndefu. Hukuona? Weka alama ya kuuliza. Jinsia ya watoto usiihangaikie kabla hawajafikisha miezi mitatu hivi. Na kwa kuwa wanaotawala ukoo ni majike, na dume mhamiaji huanzia chini kabisa, kosa moja la jinsia linapindua daftari lote.

Madoa ya ubavu wa kushoto hayafanani na ya kulia, kwa hiyo funga mitini kamera mbili zinazopiga zenyewe mnyama anapopita, zitazamane njiani. Fyeka majani kuzunguka mti, maana moto wa kiangazi hausubiri ripoti yako. Zangu mbili ziliungua. Ya tatu ilitafunwa na fisi, picha ya mwisho ni meno.

Mtafiti Hans Kruuk, miaka ya 1960, aliwafuata fisi Serengeti na Ngorongoro kwenye mbuga wazi. Mwenzake Kay Holekamp alianza utafiti wake 1988 huko Maasai Mara, ambako ukoo mmoja unaweza kuzidi fisi 80. Wasome, lakini usije na matokeo yao kama kipimo cha misitu yetu ya miombo, ambako baada ya masika majani yanakufunika. Hapa utatumia masikio. Mlio wao mrefu unaopanda huweza kufika kilomita 5, na kila mmoja ana sauti yake. Fuata pia mavi meupe kama chokaa. Ni mifupa waliyosaga.

Ukipata shimo la watoto, kaa. Mimi nimejifunza mengi kwa kukaa kuliko kwa kuzunguka na gari. Jioni moja mtoto wa Mzee, bado mweusi, alimwendea jike mzima aliyekuwa na mfupa. Jike angeweza kumtupa kwa kichwa. Mzee alisimama tu, hatua kumi nyuma. Jike akalaza masikio, akauacha mfupa. Niliandika "mchezo", na niliandika vibaya. Hivyo ndivyo mtoto anavyopata cheo chake, chini kidogo ya mama na juu ya dada zake wakubwa. Mtoto aliyelelewa na jike mwingine huchukua cheo cha mlezi, kwa hiyo si suala la damu. Usiandike nani kampisha nani bila kuandika nani alikuwa amesimama nyuma.

Vibali vya utafiti vya COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) shughulikia mapema. Nguo za bluu na nyeusi acha nyumbani, mbung'o wanazipenda.

Na ukifika kijijini, usiwacheke wanaosema fisi hufugwa na wachawi. Babu mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hawa wako, wana wenyewe?" Nikamjibu, "Ndicho ninachotafuta, babu. Nani wa nani." Akanyamaza. Kesho yake alfajiri alinigongea mlango, panga mkononi, akanipeleka kwenye shimo la pili. Lilikuwa nyuma ya mikorosho yake.