Kwa nini nyekundu na kijani zako zinagombana

Mkuu, umeuliza kwa nini picha yako ya wavuvi, yenye tanga jekundu juu ya bahari ya kijani, inaumiza macho ilhali umefuata duara la rangi (ule mchoro unaopanga rangi kwa mzunguko), ukachagua nyekundu na kijani zinazotazamana. Duara halina kosa. Ila linakuonyesha tu rangi ipi iko mbali na ipi. Halikuambii kila moja iwe nyingi kiasi gani wala ikolee vipi, na ugomvi mwingi unaanzia hapo.

Mimi nachora hapa Bagamoyo, mtindo alioanzisha Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Rangi zetu ni za mafuta, za kopo, na zinatoka dukani zote zimekolea. Nyekundu na kijani zenye mwanga sawa zikigusana, mpaka wake unachezacheza machoni. Piga picha kwa simu, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Tanga likipotea ndani ya bahari, tatizo lako ni mwanga na giza, si uchaguzi wa rangi.

Tazama kanga iliyotulia. Rangi mbili tatu tu: moja imeshika mji, nyingine imepewa pindo, na nyeusi au nyeupe inapita kati kuzitenganisha. Hazigawani nusu kwa nusu.

Na rangi jirani ina nguvu kuliko tunavyodhani. Mkemia Mfaransa Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, alilalamikiwa kuwa nyeusi yake imefifia. Akachunguza, akakuta rangi haina ubovu wowote. Zilizokaa pembeni yake ndizo zilizoifanya ionekane dhaifu. Mwaka 1839 akatoa kitabu kizima juu ya jambo hilo.

Ningekuwa wewe, ningeiacha kijani ya maji itawale, kisha ningedondoshea nyekundu ileile kidogo sana ndani ya kopo la kijani. Koroga polepole: ukali unashuka, inaelekea rangi ya mwani. Hapo bahari na tanga vimeshachanganya damu, vinaoana bila kufanana. Paka kwanza kwenye kipande cha ubao, usiamue mpaka ikauke, maana rangi mbichi inadanganya. Nyekundu safi ibakie kwenye tanga peke yake, na ukiona bado mpaka unacheza, pitisha mstari mwembamba mweusi.