Reli ya Bububu: Maswali na Majibu

Ni kweli Bububu, kaskazini ya mji wa Zanzibar, ilipata jina kutokana na mlio wa treni?
Si kweli. Treni ilianza 1905. Bibi Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar aliyeondoka Unguja 1866, aliwahi kuishi Bububu na anapataja kwa jina hilo katika kumbukumbu zake zilizochapwa 1886. Nimelijibu hili mara nyingi. Watembeza wageni nao waache kulihubiri.

Aliijenga Sayyid Barghash?
Mnachanganya reli mbili. Ya Barghash, aliyekuwa Sultani wa Zanzibar, ilitoka mjini ikaelekea kusini, kwenye kasri yake ya Chukwani: kwanza mabehewa yalikokotwa na nyumbu, baadaye ikaja injini ndogo ya mvuke. Alipofariki 1888 nayo ikafa. Ya Bububu ilielekea kaskazini, maili 7, nayo ni kazi ya kampuni ya Kimarekani, Arnold, Cheney.

Mbona haikudumu?
Ilishindwa na magari. Safari ya maili 7 haistahimili kupakia na kupakua stesheni, ilhali gari linafuata mzigo shambani. Serikali iliichukua 1911, abiria wakakoma 1922, ikabaki kusomba mawe ya bandari.

Nimepata kipande cha chuma cha reli uani. Ni cha Bububu?
Pengine, lakini usikate kwa msumeno wala kukipaka rangi. Reli yetu ilikuwa ya inchi 36, yaani milimita 914 baina ya nyuso za ndani za vichwa vya reli. Kipimo hicho kinahitaji reli mbili zilizolala pamoja. Kipande kimoja hakikuambii upana wa njia. Basi pima kimo, upana wa kichwa na upana wa kitako. Kipime uzito, ugawe kwa urefu: nusu mita yenye kilo 7.5 ni kilo 15 kwa mita. Kisha pangusa shingo ya reli, yaani sehemu nyembamba baina ya kichwa na kitako, kwa brashi kavu. Mara nyingi viwanda viliacha hapo herufi na mwaka, zimeinuka. Pitishia chaki ubavuni, piga picha na rula kando. Mwaka wa baada ya 1922 unatia shaka kubwa. Hata mwaka wa zamani hautoshi, maana vyuma vya reli vimehamishwa sana kuwa nguzo na boriti: uliza kilitoka wapi kabla ya kufika uani kwako.

Nikaone wapi?
Anza Ngome Kongwe, iliyokuwa karakana ya reli. Kisha fuata barabara ya Bububu, ukitazama tuta na mabaki ya madaraja madogo. Usichimbe: taruma, yaani gogo linalolala chini ya reli, likishang'olewa mahali pake, hakuna tena wa kujua njia ilipita wapi. Na anayekuuzia "msumari wa reli ya Bububu" bila kusema aliuokota wapi, mwache aende nao.