Sukari ya mama kupanda alfajiri bila kula

Dada wa Ngamiani, pole na kuuguza. Umeuliza inakuwaje mama yako mwenye kisukari alale na sukari ya 7 aamke na 11 (mmol/L), na usiku hajatia kitu mdomoni. Tafadhali msimshuku kuwa anakula mahamri kwa siri, mtamvunja moyo bure. Sukari hiyo inatoka kwenye ini lake mwenyewe.

Ini ni ghala. Baada ya mlo huweka akiba ya sukari, na tumbo likiwa tupu huitoa kidogo kidogo ili ubongo usikose. Akiba ikipungua hutengeneza mpya, hata kutokana na protini. Insulini, homoni ya kushusha sukari, ndiyo huizuia kazi hiyo, lakini kwenye kisukari aina ya 2 ini haliitikii vizuri, na kuelekea alfajiri homoni kama kotisoli hulichochea zaidi.

Ndiyo sababu kapewa dawa ya metfomini: kazi yake kubwa ni kupunguza sukari inayotolewa na ini. Asiiache. Wala msimnyime chakula cha usiku, hasa kama anachoma insulini, sukari inaweza kushuka vibaya. Mpimeni pia saa tisa usiku, kisha mpeleke vipimo vyote kwa daktari wake pale hospitali ya Bombo, ndiye wa kubadilisha dozi.