Jibu: Bega la farasi kujikunja vibaya akikimbia

Ndugu wa Njoro, umeuliza kwa nini bega la farasi uliyemchora kwa Blender, programu ya kuunda maumbo ya pande tatu, linajikunja vibaya akikimbia, na kama mifupa ya punda inafaa kupigwa picha nyingi ambazo programu huziunganisha kuwa umbo la pande tatu.

Farasi hana mtulinga, yaani mfupa unaounganisha bega na kifua. Mfupa wa bega umeshikiliwa na misuli tu, kwa hiyo lazima uteleze juu ya mbavu. Usiufunge kwenye uti wa mgongo kama mlango kwenye bawaba. Uzungushie karibu na ncha ya juu, kisha uache usogee kidogo mbele na nyuma. Kile watu wanakiita goti la mbele ni kifundo cha mkono. Chini yake kuna mfupa wa 3 wa kiganja, na nyuma yake vifupa viwili vyembamba kama vijiti. Usivisahau, bila hivyo mguu unafanana na bomba.

Mguu wa nyuma, goti likijikunja kifundo nacho hujikunja, kwani kano zimeviunganisha. Funga pembe za viungo hivyo viwili ili zibadilike pamoja.

Mifupa ya punda inafaa, ila kwato zake ni nyembamba na zimesimama zaidi. Ipige picha ikiwa mikavu, kivulini, na rula kando. Kila picha ipishane na iliyotangulia kwa asilimia 70 hivi. Mfupa wenye mafuta hung'aa, na programu huchora mashimo yasiyokuwepo.