Ukirithi sinema, usianze na vitanda

Marehemu baba mkubwa alituachia ukumbi wa sinema hapa Mbeya, wa paa bapa la zege na ukuta wa mbele uliopinda bila pembe. Video za kanda ziliudhoofisha miaka ya 1980, na televisheni ilipoingia Bara mwaka 1994 ulikuwa umeshageuka ghala la viazi. Sisi tukaufanya gesti. Kama nawe una jengo la namna hiyo, nisikilize kabla hujamwita seremala.

Pima sakafu kwanza. Sakafu ya sinema huinamia skrini ili wa nyuma naye aone. Fundi na kijana wake walivuta mpira wa maji, mmoja mlangoni, mwingine kule skrini ilipokuwa. Maji yalipotulia, tofauti ilinifika kiunoni.

"Dada, shimo hili litameza malori," fundi akasema.

Nikabisha. Tukajaza kifusi, tukakishindilia juujuu, tukamwaga zege. Msimu mmoja tu wa mvua, vyumba vitatu vya mbele, upande wa skrini, vikapasuka sakafu. Ningekuwa naanza leo, ningeacha vyumba vya mbele chini, vya nyuma juu, na ngazi tano sita katikati ya korido. Mgeni hanung'uniki kwa ngazi.

Ila kelele, hapo atanung'unika. Kuta za vyumba vyetu ziliishia kwenye dari ya jipsamu, juu yake kukabaki wazi hadi kwenye zege. Ukumbi ulijengwa sauti ifike kiti cha mwisho, nao ukaendelea na kazi yake: wa chumba namba 2 akikoroma, namba 9 halali. Pandisha tofali mpaka juu.

Madirisha usitoboe kwa kukisia. Tafuta mhandisi akuonyeshe nguzo, na kibali cha halmashauri kiwe mkononi.

Halafu, tafadhali, usiuze kila kitu. Tel Aviv kuna sinema ya Esther, ya miaka ya 1930, ambayo sasa ni hoteli, na mashine zake za kuonyeshea filamu zimewekwa wageni wazione. Mimi viti vyetu vya chuma nilivipeleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kilichosalimika ni kidirisha cha tiketi, tena kwa sababu fundi alichelewa kukiziba. Ndipo tunapotolea funguo.

Juzi mzee mmoja aliinama pale, nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akachungulia ndani, akauliza, "Ya saa kumi imeshaanza?"