Je, inafaa taasisi ya misaada kumlipa staa ili aitangaze?

SWALI: Asalaam alaykum shekhe. Kuna taasisi ya yatima huwa naichangia kila mwezi, nilianza baada ya kuona video staa mmoja anaisemea huku analia, sasa naambiwa kumbe alilipwa. Roho imeniuma sana. Inafaa kweli? Na sadaka zangu ndo zimepotea?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Dada yangu, kulipwa kwa kazi ya kheri peke yake siyo haramu. Katika Surat At-Tawba aya ya 60 Allah kawataja wanaozitumikia zaka kuwa na fungu lao, na Sayyidna Umar alipewa ujira na Mtume (s.a.w.) akataka kuukataa, akaambiwa auchukue. Kwahiyo staa aliyeacha shughuli zake akashinda anarikodi, akilipwa ujira wa kawaida wa kazi ile hana kosa.

Tatizo linaanzia kwenye hela yenyewe imetoka wapi. Zaka isiguswe, kwasababu huyu hakusanyi wala hagawi, mimi siwezi kumuingiza kwenye lile fungu, na hata wakusanyaji wenyewe kwa madhehebu ya Shafi fungu lao halizidi thumni (moja ya nane) ya zaka. Na mtu akituma pesa akaandika kabisa "ya ada ya mtoto" basi hiyo ni amana ya ada, huwezi ukaichota ukalipia matangazo halafu ukasema si itarudi nyingi zaidi. Hao wa taasisi watafute watu wa kuchangia uendeshaji, wawaambie wazi.

Lakini linaloniumiza zaidi ni huko kuficha. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akaingiza mkono kwenye rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu, mwenye mali akasema ilinyeshewa na mvua, akaambiwa kwanini usiuweke juu watu wauone, mwenye kughushi si katika mimi. Sasa angalia, yule muuzaji hakutamka uongo wowote, alitanguliza tu pakavu juu! Na staa anayelia mbele ya kamera huku mkataba kashasaini na hakuna aliyesema kalipwa, watu wanajua kajitolea na wanatoa kwa kumuamini, hiyo ni ghishi hata kama machozi ni ya kweli (ya moyoni mwake tumuachie Mola wake). Wangeandika tu pale chini kwamba kalipwa, mbona ingetosha.

Kuhusu sadaka zako usiumie kabisa. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba kuna mtu alitoka usiku kutoa sadaka ikaangukia kwa mwizi, mara ya pili kwa mzinifu, ya tatu kwa tajiri, watu wakamsema, na bado akaambiwa sadaka yako imekubaliwa. Wewe ulikusudia yatima, umelipwa kwa nia yako inshaallah. Ila sasa umeshajua, waandikie uwaulize yule staa kalipwa kutoka fungu lipi, wakikujibu kwa uwazi endelea nao, wakikuzungusha peleka sadaka yako kwa yatima wengine.

Wallahu aalam.