Mwenyeji kwanza: kwa mnaoanza kutazama ndege wahamao

Kila mwaka ikikaribia mwisho wa Agosti simu yangu hupokea swali moja kutoka kwa watu tofauti: "Kaka, wamefika?" Anayeuliza huwa mgeni wa kazi hii. Amenunua darubini juzi, amesikia kwamba ndege wa Ulaya na Siberia hushuka hadi kwetu, na anataka awe wa kwanza kuwaona. Mimi humrudishia swali: hapo unaposimama, Julai ulimwona nani? Wengi hunyamaza.

Siwacheki, maana nilipita humo humo. Mwaka wangu wa kwanza, mwezi wa nane, nilimwona ndege mkubwa wa kahawia juu ya nguzo ya umeme kwenye barabara ya Tosamaganga. Kitabu kilikuwa na picha ya shakivale wa Urusi, kahawia vilevile. Nikaandika kwa wino mwekundu, nikawatumia wenzangu picha iliyotikisika. Mzee mmoja aliyenitangulia katika kazi akaniuliza mambo matatu: mkia ulikuwaje, chini ya bawa palikuwa na rangi gani, na amekaa hapo tangu lini? Mawili ya kwanza sikuwa nimeyaangalia. La tatu nilirudi kumuuliza kijana aliyekuwa akichunga ng'ombe chini ya ile nguzo. Akacheka. "Huyu? Si amezaliwa kwenye mkaratusi ule pale."

Alikuwa kinda la Buteo augur, yule yule wa mkia mwekundu mnayemwona karibu kila siku juu ya milima ya Iringa na Mbeya. Akiwa mdogo huwa wa kahawia na mkia wake bado haujawa mwekundu. Shakivale wa Urusi naye hupita kwetu, lakini subirini Oktoba na Novemba.

Kwa hiyo shule yenyewe ni kipupwe, Juni hadi Agosti, wakati wageni karibu wote wako kwao. Chagua mahali pamoja karibu na nyumbani, penye maji kama yapo, uende hapo hapo kila wiki. Watu wapya hupenda kuzunguka: leo Isimila, kesho Mufindi, keshokutwa wanataka Ruaha. Ukizunguka hivyo utaona ndege wengi na hutajua lolote kuhusu yeyote.

Tuchukue mbayuwayu, maana ndiye kila mtu anamngoja. Kabla hajafika wa Ulaya, jamaa zake wenyeji tayari wako angani. Darajani, karibu na maji, yupo mwenye tumbo jeupe pe, kofia ya rangi ya kutu na nyaya mbili nyembamba mkiani. Kwenye miamba kama Gangilonga yupo wa kahawia mtupu, hana pambo lolote, anapita karibu na jiwe kana kwamba anataka kulipangusa. Kwenye kingo za misitu na mashamba ya chai Mufindi yupo mweusi mwembamba, mwenye mkia wa panda. Ukishawazoea hao watatu, siku atakapopita mwenye koo jekundu, mkanda wa buluu iliyokolea kifuani na tumbo la maziwa, hutahitaji kitabu. Macho yenyewe yatashtuka. Wala usitafute ule mkia mrefu wa kwenye picha: wengi wanaofika ni vijana wa mwaka huo huo, na mikia yao bado mifupi.

Kuna jambo la majira linalowachanganya waliosoma vitabu vya Wazungu. Wao wanaita safari hii ya vuli. Vuli yao ni majani kupukutika, Septemba hadi Novemba. Vuli ya Tanga au Moshi ni mvua fupi. Sisi wa nyanda za juu kusini hatuna hata moja kati ya hizo: mvua yetu ni moja tu, inaanza karibu Novemba na kuisha Aprili au Mei. Wageni wanapoanza kufika, huku ni kiangazi cha mwisho, vilima vimeungua, vumbi limejaa na mito imenywea. Ukilijua hilo utajua pia pa kuwatafuta.

Wanaowahi ni ndege wa matope. Swali lenu la Agosti basi lina jibu, ila wengi mnatazama juu wakati jibu liko miguuni. Vitwitwi wa kaskazini huanza kuonekana mwezi wa nane, wakati mwingine hata mwishoni mwa Julai. Bwawa la Mtera linapopungua maji huacha fukwe ndefu za tope, na hapo ndipo wanaposhuka. Mabwawa ya majitaka ya mjini nayo hayashindwi. Yananuka, ndiyo, lakini yana wadudu, na ndege hajali harufu. Ombeni ruhusa kwanza kwa barua. Mimi niliwahi kuingia kwa maneno matamu tu, nikamaliza asubuhi nzima kwenye kibanda cha mlinzi nikieleza kwa nini nahesabu ndege juu ya vinyesi vya watu.

Mwishoni mwa Septemba na Oktoba wanakuja keremkerem wa Ulaya. Hao utawasikia kabla ya kuwaona, kundi likipita juu sana, sauti kama filimbi yenye maji ndani. Oktoba pia huingia yule mdogo wa kijani kibichi iliyofifia anayeitwa kitaalamu Phylloscopus trochilus. Mtaani hana jina, ni "kandege" tu. Ana gramu 8 hadi 10, sawa na vijiko viwili vya chai vya sukari, na amekuja kwa mabawa kutoka Ulaya au Siberia, akisafiri zaidi usiku. Kilichomwondoa kwao ni njaa zaidi kuliko baridi: siku zinapofupika kule, wadudu wanakwisha. Mtafute kwenye migunga na miti ya bustani, akipekua majani bila kutulia.

Hapa niseme juu ya majina. Kiswahili chetu cha kila siku kina mwewe, kipanga, korongo, mbayuwayu, basi. Kila mwenye kucha ni mwewe. Msione aibu kujifunza majina ya Kilatini. Ukimwambia mtu wa Malawi au wa Urusi Hirundo rustica, yaani mbayuwayu wa Ulaya, mtaelewana. Lakini andikeni pia majina mnayoambiwa na bibi zenu kwa Kihehe, Kibena, Kinyakyusa au Kisafwa, pamoja na kijiji yalikotoka.

Sasa Kitulo. Kama mtaokoa nauli ya safari moja tu mwaka mzima, iokoeni kwa ajili ya Kitulo, Oktoba au Novemba. Unaweza kupandia Chimala kwa zile kona 57 hadi Matamba, au utokee Mbeya upande wa Isyonje. Hifadhi ilitangazwa rasmi mwaka 2005, na watu wengi huijua kwa maua, ndiyo maana huitwa Bustani ya Mungu. Mimi huenda kwa ajili ya mbayuwayu buluu, Hirundo atrocaerulea. Huyu si wa Ulaya. Ni Mwafrika anayehama ndani ya Afrika: miezi yetu ya baridi huikalia karibu na Ziwa Victoria, Uganda na Kenya, kisha hurudi kwenye nyasi za milimani kusini kuzaa wakati wa mvua. Tago lake hulibandika kwenye dari la shimo chini ya ardhi, mara nyingi shimo lililochimbwa na mhanga, yule mnyama mla mchwa. Kwa hiyo anahitaji nyasi fupi zenye ukungu, na anahitaji mhanga. Palipolimwa viazi au palipopandwa mipaini, hana pa kwenda. Ni miongoni mwa ndege walio hatarini duniani, na baadhi ya wachache waliobaki wanazaa huku kwetu. Ukimwona, kaa mbali na shimo. Usisogee upate picha. Na usitangaze mahali penyewe.

Mtamfananisha na yule mweusi wa Mufindi. Subirini jua limpige: huyu hung'aa buluu ya chuma, na dume ana nyuzi mbili ndefu mkiani.

Mvua za kwanza zikishuka, mambo hubadilika kwa siku moja. Kumbikumbi wakitoka jioni, acheni sufuria kidogo mtazame juu. Korongo weupe wa Ulaya, wenye midomo na miguu myekundu, huweza kutua shambani pamoja na korongo wadogo weusi wenye tumbo jeupe ambao wao wanatoka ukanda ulio pembezoni mwa Sahara upande wa kusini, wakifuata mvua. Kati ya Novemba na Desemba hupita pia kozi wadogo wa Amur, Falco amurensis, wanaozaa mashariki ya Siberia na kaskazini ya China. Hupumzika kaskazini-mashariki ya India, kisha huvuka Bahari ya Hindi moja kwa moja. Kule Nagaland, jimbo la huko India, walikuwa wakinaswa kwa nyavu kwa maelfu hadi mwaka 2012. Mwaka uliofuata wanavijiji wenyewe waliacha. Anayekula kumbikumbi juu ya shamba lako Mbozi huenda alipita hapo wiki chache tu zilizotangulia.

Vifaa havina maneno mengi. Darubini ya 8x42 inatosha: 8 ni ukubwa wa kuvuta, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ya 12 hutikisika mkononi. Daftari, penseli, koti. Programu ya simu ya eBird ni nzuri kwa kuhifadhi, ila andika kwenye karatasi kwanza, simu huzimika.

Na watu. Darubini na daftari kijijini maana yake moja tu: wapima ardhi wamekuja. Nimewahi kuzungukwa na akina mama wenye majembe waliotaka kujua shamba la nani linauzwa. Tangu siku hiyo siinui darubini kabla ya kusalimia. Shikamoo kwa wakubwa, na kwa Wahehe na Wabena neno "kamwene" hufungua milango mingi. Kisha mpe mwenyeji darubini atazame mwenyewe. Atakuambia ndege gani amepotea tangu alipokuwa mdogo, na hayo hayamo katika kitabu chochote nilicho nacho.

Daftarini andika tarehe, saa, mahali, idadi. Andika pia siku uliyokwenda usione kitu. "Septemba, mbayuwayu wa Ulaya: 0" ni taarifa, maana bila hiyo sifuri hatujui kama walichelewa au wewe ulilala. Ukikuta ndege aliyekufa mwenye pete ya chuma mguuni, nakili maandishi yote yaliyo kwenye pete, namba na anwani, piga picha, utuletee tuwaandikie watafiti waliomvisha ndege pete hiyo. Usimle.

Jumamosi tunakutana darajani Ipogolo saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ndege wenyeji wa darajani mtanitajia ninyi, mmoja mmoja, kabla sijafungua mdomo. Anayekuja na swali la "wamefika?" atabeba chupa ya chai.